Bustani ya pamoja, magunia mlangoni au shamba la kukodi: mkazi wa Kampala achague nini?

Mkazi wa Kampala anayetaka kula mboga aliyoipanda mwenyewe ana njia tatu za kweli. Ajaze magunia udongo ayapange mlangoni. Ajiunge na bustani ya pamoja, kipande cha ardhi ambacho majirani kumi au ishirini hukilima wakishirikiana maji, majembe na zamu. Au akodi shamba nje ya mji, pande za Gayaza, Matugga au Mukono, awe anakwenda Jumamosi. Ipo na ya nne inayofuatwa na wengi, kulima bondeni kwenye kinamasi. Hiyo nitaeleza mbele kwa nini nimeitoa mashindanoni.

Wengi wakilinganisha huuliza ipi inatoa mboga nyingi. Kwa kipimo hicho bustani ya pamoja inashindwa karibu kila mara. Shamba la Matugga litatoa mahindi, maharage na viazi vitamu kwa magunia, na kiwanja kidogo cha watu ishirini pale Kamwokya hakifiki hapo. Gunia la mlangoni nalo litakupa dodo, yaani mchicha, bila kikao, bila katiba, bila kumwomba mtu ruhusa. Anayejiunga na bustani ya pamoja akitarajia kuacha kabisa kwenda soko la Kalerwe atatoka amenuna. Kinachoifanya ifae kiko kwingine, na kina bei yake.

Magunia mlangoni

Kwa mpangaji wa chumba kimoja, ule muzigo wa Kampala, hakuna mwanzo mwepesi kuliko huu. Gunia la kilo 100 likijazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, na nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji, hubeba miche 30 hadi 40 ya sukuma wiki, mingine juu na mingine kwenye matundu ya ubavuni. Dodo huanza kuchumwa wiki ya nne hivi. Sukuma huchelewa zaidi, lakini ukichuma majani ya chini na kuiacha ncha, itaendelea kukulisha kwa miezi. Mwenye nyumba hana mengi ya kusema kwa kuwa hujagusa ardhi yake, ingawa wapo wanaolalamikia maji yanayolowesha ukuta, na hapo wana haki.

Shida ya kwanza ni jua. Vyumba vingi vya kupanga vimejengwa vikitazamana, na ujia wa katikati unatosha mtu mmoja na kamba ya nguo. Mboga za majani zinataka kupigwa na jua kwa muda wa saa nne kwa uchache, na sita ni bora. Kabla ya kununua gunia, toka nje saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, uangalie kivuli kimelala wapi.

Shida ya pili ni maji. Gunia hukauka upesi kuliko ardhi kwa sababu upepo unalipiga pande zote. Mvua za Kampala huja mara mbili, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi Novemba au Desemba. Januari na Februari gunia linadai maji kila siku, na anayenunua maji kwa jerikeni la lita 20 afanye hesabu hiyo mapema. Maji yaliyooshea mchele au mboga yanafaa kumwagilia. Ya sabuni ya unga na jiki, hapana.

Ya tatu husahaulika: gunia lina mtu mmoja tu. Ukilazwa, ukienda mazishini kijijini, ukipata kibarua cha usiku, hakuna wa kulimwagilia. Jirani anaweza kukusaidia mara moja, mara mbili. Kuku wa jirani huyohuyo hawasubiri hata mara ya pili.

Ukitaka kuona magunia na makontena yanavyopangwa kabla ya kutoa hela, nenda kituo cha kilimo cha KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, kilichopo Kyanja, divisheni ya Nakawa. Wanaonyesha kilimo cha sehemu finyu na wanauza miche.

Shamba la kukodi nje ya mji

Hapa sina maneno mengi. Ukiwa na ndugu anayeishi kulekule na unamwamini, shamba la kukodi linashinda njia nyingine kwa wingi wa chakula. Usipokuwa naye, unakuwa mmoja wa wakulima wa simu: unatuma hela ya palizi, unaambiwa palizi imefanyika, na siku ya mavuno unakuta nyasi zimekupita kichwa. Nauli ya teksi na boda ya kwenda na kurudi kila Jumamosi inameza faida ya mboga zote ulizobeba. Na kuanzia mwishoni mwa Machi 2020, usafiri wa umma ulipofungwa kwa sababu ya korona hadi mwanzoni mwa Juni, waliokuwa na mashamba mbali walikaa mjini wakinunua chakula huku maharage yao yakiwaozea.

Jambo la kujua kabla ya kukodi popote katika Buganda: mwenye ardhi karibu kila mara atakukataza kupanda migomba, kahawa au miti. Si roho mbaya. Mazao ya kudumu yanaweza kugeuzwa kuwa hoja kwamba una kibanja pale, yaani haki ya mkaaji juu ya ardhi ya mwenye hati, kisha kukutoa kukawa kesi ya fidia. Kwa hiyo utapanda ya msimu tu, hata ukipendaje matoke.

Bondeni, hapana

Mfereji wa Nakivubo unachukua maji ya mvua, maji taka na mabaki ya viwanda kutoka katikati ya mji, unapita Bugolobi hadi kwenye kinamasi, na kutoka hapo maji yanaingia ghuba ya Murchison katika ziwa Victoria. Majimbi yanastawi pale hadi yanatamanisha. Watafiti wamepima mimea na udongo wa kinamasi hicho wakakuta madini mazito, risasi ikiwemo. Tope utaliosha, lakini kilichokwisha kuingia ndani ya mmea hakitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha.

Sheria nayo haiko upande wako. Sheria ndogo ya kilimo cha mjini ambayo Kampala iliipitisha mwaka 2006 inataka mkulima awe na kibali, na inakataza kulima kwenye vinamasi, hifadhi za barabara na mahali palipokuwa dampo. Mwaka 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, iliwaondoa watu kwenye kinamasi cha Lubigi, na waliopoteza huko walipoteza nyumba, seuze matuta. Najua wanaolima bondeni hawafanyi hivyo kwa ukaidi. Ndiyo ardhi pekee isiyo na kodi. Lakini mtu mwenye nafasi ya kuchagua asiichague.

Swali hilohilo la udongo liulizwe hata kwenye bustani ya pamoja. Kiwanja kilikuwa nini zamani? Palipokuwa gereji, oili na risasi ya betri vimebaki chini. Palipokuwa dampo pana vitu ambavyo hata wazee wa mtaa hawavikumbuki. Kiwanja cha namna hiyo kama hakuna budi, jengeni matuta ya mbao au matofali na mlete udongo kutoka kwingine, msipande moja kwa moja chini.

Bustani ya pamoja inatoa nini ambacho hizo nyingine hazitoi

Nianze na ushahidi, maana huwa unatiwa chumvi. Mwaka 1998 Daniel Maxwell na wenzake walichapisha utafiti wao wa Kampala ulioonyesha kwamba watoto wa kaya zinazolima mjini walikuwa na urefu mzuri zaidi kwa umri wao kuliko wa kaya zisizolima, na kwamba wanaolima wengi ni wanawake. Ni habari njema, lakini kaya zile zililima kila moja kivyake, mahali popote walipopata. Utafiti huo unasifu kulima mjini. Hausemi kwamba kulima kwa kikundi ni bora.

Ushahidi wa bustani za pamoja tunaupata Marekani. Mwaka 2023 jarida la Lancet Planetary Health lilitoa matokeo ya jaribio lililofanywa Denver na Aurora, jimbo la Colorado. Watu wazima 291 waligawanywa kwa bahati nasibu: upande mmoja ukapewa ploti katika bustani za jamii pamoja na mbegu, miche na mafunzo ya mwanzo, upande wa pili ukaambiwa usubiri. Waliolima walikula nyuzinyuzi gramu 1.4 zaidi kwa siku, walifanya kazi za mwili kama dakika 42 zaidi kwa wiki, na msongo wa mawazo na wasiwasi vilipungua. Gramu 1.4 si kitu cha kupigia vigelegele. Kwangu mimi lililo kubwa ni la mwisho, na halishangazi mtu yeyote aliyewahi kuona mama aliyejifungia chumbani mwaka mzima akianza kubishana na wenzake kuhusu nafasi ya mche na mche.

Kampala ina watu wengi wa namna hiyo. Wakongo wanaoishi Katwe na Nsambya, kwa mfano, wengi walilima maisha yao yote. Mkimbizi anayekaa kwenye makazi kama Nakivale hupewa kipande cha ardhi. Anayechagua kuja mjini anajitegemea, na chumba cha kupanga hakina ardhi. Kwa mtu huyo kulinganisha njia tatu ni mazungumzo ya watu wengine. Asiye na ndugu Matugga wala hela ya kukodi, na ambaye mlango wake unatazama ukuta, amebakiwa na bustani ya pamoja.

Kisha kuna elimu ambayo hailipiwi. Muganda anajua nakati na jjobyo, mboga za majani za kwao, anajua lini nakati inataka kivuli cha nyasi ikiwa bado changa. Mwacholi wa kaskazini ataleta mbegu za malakwang na boo, mboga za majani za kwao. Mama wa Kivu atapanda lengalenga na kusema dodo yenu ni hiyohiyo, kisha atawafundisha kupika sombe na matembele, majani ya mihogo na ya viazi vitamu ambayo majirani zake hapo walikuwa wanayatupia mbuzi. Gunia lako mlangoni litakupa kile tu unachokijua tayari. Lugha ya bustani nyingi zenye mchanganyiko huo huishia kuwa Kiswahili, kizuri au cha kubahatisha, na watu wakishakuwa na lugha moja hapo wanaanza na mambo mengine: nani anatafuta kazi, chumba gani kimebaki wazi, mtoto wa nani hajaenda shule.

Faida nyingine ni mboji. Maganda ya matoke, ya mihogo na ya viazi ndiyo sehemu kubwa ya taka za jikoni Kampala, na tarehe 10 Agosti 2024 tuliona zinakoishia, dampo la Kiteezi lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Mpangaji mmoja hawezi kutengeneza mboji. Harufu na nzi vitamgombanisha na mtaa. Kikundi chenye kona ya mita mbili kwa mbili kinaweza, kikifunika kila tabaka kwa majani makavu na kugeuza kila baada ya wiki mbili. Mifupa na mabaki ya nyama yasitiwe. Panya watakuja, na kaloli pia, wale korongo wakubwa wa majalalani, na kaloli akishajua njia huwezi kumshauri kitu.

Na zamu. Yule mgonjwa ambaye gunia lake lilikauka, hapa ana watu wa kumwagilia. Hiyo peke yake, kwa mtu mzee au mama anayelea peke yake, inatosha kuwa sababu ya kulipa kiingilio.

Inachodai

Ardhi kwanza. Kiwanja kitupu mjini kina mwenyewe siku zote, na mara nyingi wako wawili: mwenye hati ya mailo, umiliki wa ardhi wa kudumu wa Buganda, na mwenye kibanja juu yake. Anayewakaribisha mlime anaweza kuwa mwenye kibanja, na mwenye hati hajui. Anaweza kuwa mlinzi, au mzee wa kanisa au wa msikiti ambaye hajauliza kamati. Kaeni na wote wanaohusika, andikeni makubaliano, mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, ashuhudie na kupiga muhuri. Muhuri wa LC1 unathibitisha kwamba mlikubaliana. Haumgeuzi aliyewaachia kuwa mwenye ardhi, na watu wengi wameumizwa na tofauti hiyo.

Dai kipengele kimoja bila kulegeza: mkitakiwa kuondoka, mpewe muda wa kuvuna kilichomo. Kiwanja cha Ntinda au Kyaliwajjala kitajengwa fleti siku moja, hilo msijidanganye. Panga kwa kudhani mtakaa misimu minne, panda dodo, nakati, sukuma, bilinganya na nyanya chungu, na fedha za kikundi ziwekwe kwenye vitu vinavyobebeka: matangi, majembe, mabomba. Sijaelewa kikundi kinachoanza kwa kujenga ukuta kwenye ardhi ya mtu.

Maji ni la pili, na ndipo vikundi vingi hufia, Januari. Mita ya NWSC, shirika la maji la taifa, ni nzuri ikiwa bili ina mwenye dhamana. Paa la jengo la karibu ni zuri zaidi: kila milimita moja ya mvua juu ya paa la mita za mraba 50 ni lita 50, kwa hiyo mvua ya milimita 20 ni lita 1,000 kasoro kidogo kinachopotea. Tangi moja halitawavusha kiangazi chote, lakini linapunguza ugomvi. Chemchemi za mabondeni Kampala nyingi zinapitiwa na uchafu wa vyoo vya shimo. Maji yake msimwagie majani yanayoliwa mabichi.

La tatu ni jinsi ya kulima, na hapa nina upande. Bustani za pamoja ziko za namna mbili. Kuna ambazo wote wanalima shamba moja na kugawana mavuno, na kuna ambazo kila mwanachama ana tuta lake huku maji, mboji, uzio na zana vikiwa vya wote. Namna ya kwanza inapendeza kwenye picha za wafadhili. Lakini atakayekuja kupalilia mara tatu atapewa fungu sawa na ambaye hakuja, na msimu wa pili hakuna anayekuja. Asubuhi moja mtakuta nakati imechumwa usiku, na kila mtu atamtazama mwenzake. Kwenye matuta ya mtu na mtu, mvivu anajionyesha mwenyewe kwa magugu yake, na katiba inasema tuta lisiloguswa wiki tatu linapewa anayesubiri. Wale wa jaribio la Denver nao walilima ploti za mmoja mmoja. Kazi za pamoja zibaki chache na zenye siku maalumu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mwanachama mpya hivyohivyo.

Hela ya serikali isiwe sababu ya kuanzisha kikundi. Mpango wa maendeleo ya parokia (ngazi ya utawala, si ya kanisa), PDM, uliozinduliwa Februari 2022, unakopesha shilingi milioni 1 kwa kaya kupitia SACCO, chama cha akiba na mikopo, ya parokia, na kuwa kwenye kikundi kunahitajika. Mkopo ni mkopo. Vikundi vilivyokusanyana kwa ajili ya fomu hiyo tu huwa na mwenyekiti, mwekahazina na katibu, ila hakuna anayejua bustani iko wapi.

Nani aende wapi

Una mlango wenye jua na huna muda wa vikao? Magunia, basi, na usijione umekosa kitu. Fundi wa zamu za usiku au dereva wa boda anayetoka alfajiri na kurudi saa nne usiku hatafaidi bustani ya pamoja. Atalipa faini za kutohudhuria zaidi ya atakavyokula mboga.

Una familia kubwa na unatafuta chakula cha kushibisha, si mboga tu, na kuna mtu wako shambani: kodi nje ya mji. Anayeishi Jinja, Mbarara au Arua asichukue hesabu za Kampala kama zilivyo, kwa sababu huko ua wa nyumba bado ni mpana na shamba la kukodi linafikika kwa baiskeli. Huko mimi ningeanza na ua.

Bustani ya pamoja imwendee asiye na jua mlangoni, mstaafu, mama mwenye watoto wadogo, na mgeni wa mji ambaye simu yake haina namba za majirani. Mtu mwenye magunia yanayokwenda vizuri anaweza kuchukua tuta moja pia, kwa ajili ya mboji na watu. Njia hizi mbili hazigombani.

Kabla ya kutoa kiingilio, nenda siku ya kazi bila kuaga na uulize mambo matatu: niione karatasi ya ardhi, bili ya maji ya mwisho alilipa nani, na tuta la aliyeacha lilipewa nani. Wakijibu upesi, lipa. Wakianza kukueleza maono ya kikundi, rudi kwenye magunia yako. Na kama ni nyinyi mnaoanza, makubaliano na mwenye ardhi yamalizike Julai ili Agosti iwe ya kulima na kuozesha mboji. Mvua za Septemba zikishika, miche iwe tayari kitaluni.